Ushauri Uliofika Ndizi Zimeshaoza

Alhamisi

Na bado naitwa mshauri! Leo kamati yetu ya ushauri wa biashara ya manispaa imekaa kutafakari upya kazi yake, nami, muuza vyombo mwenye kitambi cha heshima, nilikula sambusa tatu kabla ya kusema neno la maana.

Nikasema tuwe tunaitwa kabla ya uamuzi. Wauza ndizi wa kando ya barabara wamehamishwa tangu Jumatatu, sisi tunaombwa ushauri leo.

Mwenyekiti akacheka. "Mzee Shomari, ushauri hauozi."

Wote wakacheka. Nami nikacheka, ndivyo nilivyo.

Nilipotoka nikaenda huko walikohamishiwa, kumtafuta Mama Tekla wa Matombo, mtani wangu wa miaka mingi. Nimemkuta nyuma kabisa, hana mteja hata mmoja, mikungu imeanza kuwa myeusi. Anajifunga kanga arudi kwao mlimani.

"Shikamoo, mshauri," akaniambia, na yeye ni sawa na dada yangu mkubwa.

"Dada, usiniaibishe."

"Mlitusemea nini huko?"

Nikainamia mikungu yake. Akanipa chane moja, laini kama uji. "Wapelekee wenzio. Mimi sirudi tena, mdogo wangu. Magoti yangu yanatosha kupanda mlima, hayatoshi kuanza upya."

Chane iko mezani, inanukia nyumba nzima. Mke wangu anasema nizitupe ndizi hizo.

Kesho nazipeleka kwa mwenyekiti. Safari hii sitacheka.