Maji ya Kwetu Tuliyachemsha

Dada yangu,

Sisi tupo. Kitinda mimba wangu ameng'oka jino la mbele, sasa anacheka huku ameziba mdomo. Bati la jikoni nimelibadilisha, halivuji tena.

Uliniuliza shangazi aliondoka kwa ugonjwa gani, nikakujibu ni tumbo. Ni kweli, ila si yote.

Klorini ya kutibu maji imeadimika tangu viwanda viwili vya ng'ambo vilipofungwa. Kila nchi inaigombania, na meli inakwenda kwa mwenye dau kubwa. Kwenye mtambo wetu wa maji tuliletewa mitungi mitatu badala ya kumi. Mkuu wangu akaniambia, "Tia nusu, na mdomo ufunge. Watu wakijua watatutoa roho."

Nikatia nusu. Jioni nikamwambia wifi yako achemshe maji yote ya kunywa. Akateleka sufuria.

Shangazi, kama ujuavyo, alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kila asubuhi nilipita mlangoni kwake. Siku moja akanyanyua kikombe, akasema, "Karibu walau maji, mwanangu." Nikamwambia nimechelewa kazini.

Wiki ile ile akaanza kuharisha. Siku ya tatu tukamzika.

Juzi nilibandika tangazo kwenye lango la mtambo, kwamba watu wachemshe maji. Mkuu akanifukuza kazi papo hapo. Sasa mtaa mzima unachemsha, na majirani wanakuja kunishukuru. Nawakaribisha ndani, dada, lakini nashindwa kuwaambia nilijua tangu lini.

Ni mimi mdogo wako.