Ruta ya Antena Tatu

Baba Ursula,

Maharage yapo jikoni, yaongezee chumvi. ~~Wali nitapika nikirudi.~~ Wali pika mwenyewe, maana kwa ufundi hujambo.

Ruta ya kampuni uliyoing'oa asubuhi ipo juu ya kabati, usiitupe. Waya wake umeukata, na hiyo yako ya Kariakoo haishiki intaneti bila namba za siri za kampuni. Fundi wao anakuja Jumatatu.

Miezi minne sijamwona mwanangu. Leo amekaa mbele ya kamera huko India, anacheka, ananiambia, "Mama, kuna mtu nataka umwone." Akageuza kamera, nikaona bega la shati jeupe, picha ikakatika. Nageuka, wewe umeshika waya: "Dakika tano tu, mama. Hii ina antena tatu!" Nimesubiri masaa matatu.

Basi nakwenda mjini, kwenye intaneti kafe, nikamwone mkwe wako kuanzia shingoni kwenda juu. Ursula ameniandikia meseji kwenye simu yangu ya vitufe kwamba kijana anasomea mambo ya mitandao. Nimemjibu kuwa mahari tumeshapanga: aje hapa nyumbani Bombambili akufungie ruta.

Mama Ursula