Saa Iliyokatika Kila Alasiri

Voi,
Alhamisi, tarehe 12 Juni.

Leo kutwa mawingu yameshuka hadi nusu ya mlima wa Sagalla, upepo wa vumbi unavuma tangu alfajiri na jua halijaonekana.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Naomba barua hii ikukute goti limekupa nafasi ya kutembea hadi shambani bila kushika mtu. Uniambie kama mto umerudi mahali pake, na kama ule mpunga uliosalimika hapo Ngao mmewahi kuuvuna kabla ya ndege. Mimi na mjukuu wako Malemba hatuumwi popote. Mkweo Mwadime bado yuko Doha kwenye kazi yake ya ulinzi.

Najua utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Jana nilikupigia, ukawa unasikia neno moja unakosa mawili, ukadhani kuna msiba. Hakuna aliyekufa, Mama. Ila yaliyotokea hapa yamenitetemesha na bado sijatulia. Basi nayaandika kwa utaratibu wangu ule ule wa shajara, na dada Hawa akusomee polepole.

Unakumbuka nilikueleza kwamba wakati wa Pasaka Baba mkwe alianguka kanisani, katikati ya wimbo. Kliniki walisema moyo wake unahitaji kuangaliwa. Mwadime aliposikia hakupata usingizi huko aliko, akanunua saa ya mkononi, akamkabidhi mwenzake aliyekuwa anakuja likizo. Si saa ya kuonyesha wakati tu. Chini yake ina taa ya kijani inayogusa ngozi na kusoma mapigo ya moyo, kisha inayatuma kwenye simu kwa bluetooth bila waya. Simu ya Baba ni mulika mwizi ya vibonyezo, haiwezi kazi hiyo. Kwa hiyo saa ikawa ya kuunganishwa na simu yangu, na simu yangu impelekee Mwadime.

Kuiunganisha kulinitoa jasho. Niliichaji mpaka ikajaa, nikapakua programu yake, nikawasha bluetooth, nikairuhusu simu ionyeshe mahali ilipo kwa sababu programu ilikataa bila hivyo. Saa haikuonekana. Nilizima kila kitu na kuwasha upya, wapi. Mwadime akaja kukumbuka kwamba yule mwenzake aliijaribu kwa simu yake mwenyewe kule Doha, na saa hii hushikamana na simu moja tu kwa wakati.

Baba Mdogo, yaani mdogo wake Baba, alikuwa amekaa pembeni akitutazama. Akasema basi ipewe talaka kwanza, ndiyo iolewe tena. Tulicheka. Nami nikafanya hivyo hivyo, nikaifuta kumbukumbu zote, ikakubali kuonekana.

Sasa hapa unielewe vizuri, Mama, kwa kuwa ndipo mambo yalipoanza kuharibika bila mtu kujua. Katika nyumba hii mkaza mwana hamshiki baba mkwe mkono, hamkaribii hata akamgusa nguo, na chumbani kwake haingii. Nilipoolewa nilionyeshwa hayo siku ya kwanza nami nimeyashika. Kwa hiyo sikumfunga saa. Zile nambari ambazo simu na saa huonyesha ili uhakikishe zimekutana, tulizisoma tukiwa ng'ambo mbili za meza, mimi nikiwa na simu na yeye na saa, akizitaja moja moja kwa sauti ya kazi yake ya zamani ya reli, kama anayesoma nambari za mabehewa. Aliyemfunga mkononi ni Baba Mdogo. Akamwambia, "Kaka, chunga. Sasa ukila mbuzi wa watu Mwadime anaona kutoka Uarabuni."

Baba akashusha mkono wa koti. Unajua wazee wa huku na makoti yao, hata joto likaushe kisima. Tangu siku hiyo mimi nikawa naiona saa ndani ya simu peke yake.

Asubuhi ilikuwa ikifanya kazi vizuri. Tukishakula chakula cha mchana, inakatika. Simu inaandika kwamba saa haipatikani, mpaka jioni Baba anapoketi mezani ndipo inarudi yenyewe. Hivyo kila siku. Nikadhani nimekosea mahali. Niliondoa ile hali ya kubana betri, nikaifuta saa kwenye simu na kuiunganisha upya, nikasasisha programu kwa bando nililonunua makusudi. Mchana ukifika, imekatika.

Nikampelekea simu fundi mmoja mwenye kibanda karibu na soko. Aliipekua, akanirudishia. Alisema simu haina kasoro, ila simu na saa ni kama watu wawili wanaoongea kwa sauti ya chini, wakitengana hatua nyingi au ukuta ukiingia kati hawasikiani tena. Wala nisiogope, alisema, kwani saa huyaweka mapigo ndani yake, na ikikaribia simu huyamimina yote kwa pamoja. Nikatosheka. Baba hupenda kuvuka ua wa minyaa kwenda kupiga gumzo kwa mdogo wake, na nyumba ile iko mbali kidogo. Nikajua ni umbali.

Kilichonitisha ni hayo yaliyokuwa yakimiminwa. Jioni simu ikipokea mapigo ya mchana, mchoro unakuwa mwekundu, unapanda na kuanguka ovyo, na programu inaandika kwamba moyo hauna mpangilio, aone daktari. Mchoro wa asubuhi ulikuwa umetulia kama maji ya mtungi. Nilimpelekea Mwadime, Mwadime akalia kwenye simu. Tulikwenda kliniki. Daktari alimpima Baba asubuhi akamkuta vizuri, lakini alipoona simu yangu alisema ugonjwa wa namna hiyo huja na kuondoka, akampa vidonge vya kupunguza kasi ya moyo, na siku nyingine akaviongeza. Mimi ndiye niliyekuwa nikivihesabu na kumwekea kwenye kisahani.

Baba akaanza kudhoofika. Anasimama anayumba, anaacha chai nusu kikombe, anasinzia kabla ya jua kukaza. Nami nikaona ndiyo ule moyo unaoonyeshwa na simu. Mama, nilikuwa nikiamini simu kuliko macho yangu.

Jana mchana Baba hakuwa na nguvu ya kwenda popote. Alikaa kwenye kiti chake uani, mimi nikichambua kunde hatua mbili kutoka kwake. Simu ikaandika saa haipatikani. Nikaitazama, nikamtazama. Hakuna ukuta, hakuna umbali. Nikazima bluetooth nikaiwasha, ikaandika vile vile. Nikamuuliza Baba kwa heshima kama saa imezimika, aiangalie. Akapandisha mkono wa koti. Mkono ulikuwa mtupu.

"Baba, saa iko wapi?"

"Iko kwa mdogo wangu," akasema, kama niliyemuulizia redio. "Mchana ni zamu yake."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu ilipokuja, kwani kitu kinaingiaje ua huu kikawa cha mtu mmoja? Na ni kweli, Mama, hata wewe nilishakueleza. Wazee hawa walilelewa na mama mjane, akawafundisha kwamba kila kinacholetwa kina nusu mbili. Wana redio moja, baiskeli moja, hata miwani ya kusomea ni moja, anayo huyu asubuhi na yule jioni. Mimi nayajua hayo miaka yote na sikuwahi kufikiria kwamba saa nayo ingeingia zamu. Nao hawakunificha. Hakuna aliyewauliza.

Niliondoka na simu mkononi bila kuvaa viatu. Nilipofika kwenye ua wa minyaa, simu ikatetemeka. Imeungana. Nikasimama pale nikisubiri nambari ya mapigo itulie, ikawa haitulii, inaruka mia na arobaini, inashuka, inapanda tena. Na Baba nimemwacha nyuma yangu kitini.

Baba Mdogo alikuwa ameketi kivulini mwa nyumba yake na ungo wa mahindi mapajani, lakini hapukuchui. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu na jasho limemtoka shingoni kwenye upepo ule. Saa ilikuwa mkononi mwake, taa ya kijani ikimulika. Nilimuuliza anasikia nini. Akajaribu kutabasamu, akasema ni kuku tu, kuna kuku amefungiwa kifuani anapigapiga mbawa, huja mchana akishafanya kazi kidogo na akilala huondoka. Nikauliza ni wa siku nyingi? Akasema ni wa tangu mvua za mwaka jana.

"Na hukumwambia mtu, Baba?"

"Mgonjwa ni kaka," akasema. "Mji mmoja utauguaje mara mbili?"

Kisha ungo ukamponyoka, mahindi yakamwagika, naye akaegemea ukuta macho yakimgeuka. Mama, pale sikukumbuka ukwe, ingawa naye ni baba mkwe wangu kama kaka yake. Nilimshika chini ya makwapa, nikamlaza, nikamfungua shati na vifungo vikakatika. Nilipiga kelele majirani wakaja. Tuktuk ilipatikana barabarani, na njia nzima hadi hospitali kubwa kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu. Mwanamke mmoja jirani aliniangalia nikimpakata baba mkwe wangu mbele za watu, akanitupia leso yake nimfunike.

Walimpeleka ndani moja kwa moja wakamwekea mashine ya kupima. Daktari wa zamu alipotoka nilimwonyesha simu na kumweleza yote. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Akakaa kwenye benchi kando yangu, akasema mchoro ule mwekundu na ule wa mashine yake ni wa moyo mmoja, na ni moyo uliokaribia kuchoka kabisa. Akauliza yule mwingine anakunywa dawa gani. Nilipomtajia alisimama, akaagiza Baba aletwe jioni ile ile. Vidonge vile vilikuwa vikiushikilia moyo usio na kosa mpaka ukawa unatambaa. Alisema wiki nyingine moja tungempoteza mmoja kwa dawa na mwingine kwa kukosa dawa.

Mama, maneno hayo nimeyarudia kichwani mpaka yamekosa maana. Kila jioni nilikuwa nikishika kifo cha mtu mkononi, nakitazama, na nakipelekea jina lisilo lake.

Nilimpigia Mwadime nikiwa nje ya wodi. Nilipomaliza kusema nikadhani mtandao umekatika. Nikaita, Mwadime, Mwadime. Kumbe yupo. Aliuliza tu, "Kwa hiyo nimekuwa nikimwombea nani?"

Leo asubuhi nilikwenda na Baba wodini. Yeye aliruhusiwa kulala nyumbani baada ya vidonge kusimamishwa, na leo ametembea mwenyewe kutoka langoni, ingawa polepole. Baba Mdogo amelala na waya kifuani na maji mshipani. Daktari anasema hatari haijapita, usiku wa leo ndio wa kuangalia, ukipita vizuri ana matumaini. Anafungua macho na anatambua watu.

Baba alivuta kiti mpaka magoti yakagusa kitanda. Mimi nilisogea mlangoni, lakini nilisikia.

"Mwaka mzima, Mghanga. Kwa nini hukuniambia?"

Baba Mdogo alijibu kwa kunong'ona, akipumzika kila neno.

"Ungeniachia na zamu yako."

Baba aliinamisha kichwa kwenye shuka. Sijawahi kumwona akilia, hata alipomzika mke wake. Nesi alitaka kumwondoa kwa sababu muda wa kutazama wagonjwa umekwisha, kisha akaona afadhali ajipe kazi upande mwingine wa wodi.

Hatukutoka mpaka alasiri. Sasa ni jioni, Malemba amelala, na Baba amekataa kula mpaka hospitali ipige simu. Nimeiweka simu mezani katikati yetu, bluetooth nimeizima, hakuna kinachohitaji kuungana nayo isipokuwa sauti ya nesi. Mama, mwombee Mghanga kwa jina lake. Mtaje kabisa, usiseme baba mkwe wa Rehema, maana huku tumeshaona madhara ya kutotaja jina.

Nisalimie dada Hawa anayekusomea na umwambie asiruke mahali. Nisalimie Mjomba aliyenisindikiza hadi Garsen siku ya harusi, na shangazi anayeuza samaki, na yule mama yangu mzazi wa pili, jirani yetu wa mkunazini. Watoto wa kaka wapate salamu zao kila mmoja.

Ni mimi mwanao ninayekuwaza kuliko siku zote,

Rehema.

Ijumaa, asubuhi. Naongeza haya kabla sijaibandika bahasha. Hospitali walipiga. Nesi amesema amevuka, na ameuliza kaka yake amekula nini. Baba alikula ugali uliopoa, wote, akiwa amesimama. Mimi nilipata usingizi saa nane na dakika ishirini za usiku.