Mama Alikuja Kuomba Jina

Sandgerði, Iceland
17 Novemba 1994

Mpendwa mdogo wangu Ásdís,

Hujambo wewe, na wote wa nyumbani kwako huko ng'ambo, Gimli? Kile kikohozi kimepoa? Mimi sijambo, ila macho yamechoka na magoti yananikumbusha umri wangu kila ngazi. Huku jua linachungulia saa chache tu kisha linajiendea zake, nami siku nzima naishi kama mtu aliyeamka nusu.

Kazi ni ile ile ya kuchambua tope la chini ya bahari. Nimeinamia hadubini, nahesabu nywele za minyoo. Usinicheke! Yupo mmoja ambaye hakuna kitabu kinachomjua, mwembamba kama uzi, na kila pingili ina vishungi viwili vya nywele za dhahabu. Nikimtazama nasahau hata kahawa. Mimi na bosi wangu Eyvindur tumeandika habari zake zote, na kesho zinakwenda kuchapishwa. Jina likishachapishwa, ndiyo basi, halifutiki tena.

Nilikuwa nimempa jina la mama yetu, Steinvör. Sikukuambia kwa nini. Mwezi wa Juni nilimwota mama amesimama mlangoni, ndoo yake ya chambo mkononi, minyoo ikijinyonganyonga ndani, maji yakimchuruzika hadi miguuni. Akaniuliza, "Sólrún, nitapata pa kukaa kwenu?" Nikamjibu, "Utapata, mama, ingia."

Wajua mwenyewe marehemu akiuliza hivyo anataka nini: jina lake apewe mtoto aliye njiani. Lakini mtoto gani? Mimi sikujaliwa kuzaa, na kwa umri huu hata paka angenicheka. Nikakumbuka ile ndoo na minyoo yake, nikasema basi, ni huyu wangu wa mezani. Nilifurahi, Ásdís, we acha tu. Hatimaye nami nimepata wa kumpa jina la mama.

Juzi barua yako ikafika. Kumbe mwanao Unnur ana mimba ya miezi mitano, na mlinyamaza kwa hofu, kwa sababu ya zile mbili zilizotoka. Unasema mwanao anaogopa hata kufuma soksi za mtoto. Nilihesabu miezi kwa vidole, nikarudi nyuma hadi Juni. Mwezi ule ule wa ndoto.

Jana nilimwambia Eyvindur alifute lile jina.

"Ala! Miezi mitano umenipigia kelele na Steinvör wako, leo nifute?"

"Futa. Lina mwenyewe."

"Na mnyoo je?"

"Mpe lolote. Amekaa bila jina tangu dunia iumbwe, hatanuna leo."

Akalifuta. Sikufichi, nilijifungia chooni nikalia kidogo.

Nisalimie shemeji Baldur, na shangazi Kristrún kama bado anasikia. Mungu awakinge nyote na baridi ya huko.

Unnur mwambie aanze kufuma. Mama aliomba pa kukaa, nami nilimwambia aingie.

Dada yako asiyechoka kukupenda,
Sólrún