Ukuta Unang'aa, Jiko Limepoa

Mshauri mpendwa, nakuandikia nikiwa nimekaa jikoni, peke yangu, nikiutazama ukuta ulionifikisha hapa.

Mimi ni dereva wa lori, ufundi sikuusomea ila mikono yangu si mizito, na nilipopata likizo nikaamua kubandika vigae vya mawe ya asili kwenye ukuta wa nyuma ya jiko, mawe yenyewe yalikuwa yamepauka kama mtu aliyetoka kuugua, basi nikayanywesha rangi ya kahawia mpaka yakakolea, na kwa kuwa wakwe zangu walikuwa njiani nikayapaka ile dawa ya kuziba jiwe lisinywe maji wala mafuta, jioni hiyohiyo, ijapokuwa rangi ilikuwa bado inashika kidole kidogo, na walipofika baba mkwe alisimama pale muda mrefu akasema kweli binti yake kaolewa na mtu.

Tangu hapo naulinda ule ukuta, naufuta mwenyewe kwa kitambaa kikavu, maji hayausogelei, na mama watoto nilimwomba kwa heshima apunguze kukaanga, baadaye nikamwomba aache, maana mafuta yakirukia jiwe ndiyo basi tena, nikatundika na nailoni ya kuufunika, na siku nilipomwambia afunike sufuria ya chai akaniuliza kwa upole kama chai nayo siku hizi inaruka. Akakusanya masufuria yake akahamia kupikia kwa dada yake mtaa wa nyuma, watoto wakafuata harufu, wanarudi jioni wameshiba, mimi naletewa changu kwenye bakuli, na huyo shemeji yangu kila tukikutana ananiuliza mbele za watu, "Shemeji, ukuta umeamkaje?"

Nilivumilia. Lakini jana mke wangu kaja kuchukua mtungi wa gesi. Nikamuuliza ndiyo anahama kabisa? Akasema, "Baba watoto, mimi sijahama. Ila jikoni kwangu naingia kama mgeni, na mgeni hapiki." Naomba msaada, nifanyeje arudi bila ukuta kuharibika?

Mlinda Ukuta

*

Mlinda Ukuta,

Pole kwa chakula cha bakuli. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikikaanga vitunguu, na ukuta wangu wa mawe uko palepale. Jiwe lililozibwa sawasawa halina ugomvi na mafuta: yanakaa juu, unapitisha kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, maisha yanaendelea. Sasa wewe unafuta kwa kitambaa kikavu. Kwa nini kikavu, ndugu yangu? Kwa sababu unajua. Ulipaka dawa juu ya rangi mbichi ili baba mkwe akusifu, dawa haikupata pa kuingia, na tangu siku hiyo unaogopa tone moja la maji likuumbue. Mkeo hana kosa. Amefukuzwa jikoni ili siri yako ilale salama.

Toa hiyo nailoni. Chovya kidole kwenye maji, uguse jiwe pale chini pembeni, usubiri. Tone likisimama kama ushanga, umejitesa bure. Likinywewa na jiwe likawa jeusi pale, basi uache ukuta wote ukauke siku kadhaa, dirisha likiwa wazi, ndipo upake dawa upya, kidogo kidogo, na inayobaki juu uipanguse kabla haijaganda. Rangi ikitoka na kitambaa, rudia rangi kwanza, nayo uisubiri ikauke kabla ya dawa. Safari hii usialike mtu wa kuja kutazama.

Ila kabla hujagusa kopo la dawa, nenda mtaa wa nyuma. Usiende kujadili gesi. Mwambie mkeo, mbele ya dada yake kama yupo, kwamba hukuwa unayaogopa mafuta yake, ulikuwa unaiogopa kazi yako. Mzigo mdogo huo, dereva wa lori hashindwi kuufikisha. Halafu nyamaza, umwache aseme yake yote. Akicheka, usinune. Mtungi ubebe wewe.