Jogoo wa Wakwe na Rangi ya Mikeka

Jumapili, jioni. Mvua imekata sasa hivi tu, uwanja wote tope, na mimi nimekaa kibarazani vidole vimekuwa zambarau mpaka kwenye kucha. Nimesugua na majivu, nimesugua na limao, wapi. Shajara yangu, leo nimechoka na kila kitu kinachoitwa kuku, na kila kitu kinachokula kuku.

Ngoja nianzie mbali kidogo, maana moyo umejaa.

Wanaonisoma humu wananijua, naongea. Tangu binti yangu Fides anifungulie hii blogu kwenye simu, naongea hata nikiwa peke yangu. Shule niliishia darasa la tatu, mpunga ukaniita, ila mdomo haukuishia popote.

Sasa kuku. Masika yanaanza nilikuwa na kuku uwanja mzima hapa Kibaoni. Matetea, majogoo, vifaranga wanakimbizana mpaka uvunguni. Mwewe ndo akaanza. Yule hajifichi, anazunguka juu ya bati pole pole kama mtu anayechagua kitenge, halafu anashuka kama jiwe na kuondoka na kifaranga kinalia angani. Unabaki umeshika mwiko, unatukana mawingu.

Nikafanya anavyofanya kila mama huku. Nikachukua rangi ninayotilia ukindu wa mikeka, ile ya zambarau, nikaikoroga na maji ya baridi, nikawapaka vifaranga wote. Mwewe hajazoea kifaranga cha zambarau, anadhani ni shetani. Na kweli, aliacha. Nikajiona mjanja.

Halafu matetea wakubwa wakaanza kupotea. Mchana kweupe. Asubuhi unamwaga chenga za mchele, wanakuja wote. Mchana unamwaga, mmoja hayupo. Damu hakuna, kelele hakuna.

Mimi nikasema ni mwewe. Nikalisema bombani, nikalisema kwenye jumuiya tukimaliza rozari, nikalisema kwa muuza vitumbua. Nikasema kuna mwewe mkubwa kahamia Kibaoni kutoka porini, anabeba kuku mzima na miguu yake. Jioni ile hadithi ikanirudia kupitia kwa mtu mwingine, mwewe sasa anabeba mbuzi. Na mimi mwenyewe nikaogopa.

Aliyenifumbua macho ni jirani yangu Mama Kulwa. Hawa ni Wasukuma, walikuja na ng'ombe wao miaka ile, wakauza wengine wakajenga hapa. Mtu wa maneno machache, sijui tunapatanaje. Akaniangalia nikinyoosha shingo juu, akasema, "Mama Fide, unamtafuta mwizi mawinguni, mwizi wako yuko chini."

Akanipeleka nyuma ya choo, kwenye migomba. Manyoya. Ya yule tetea mweusi, ya yule wa madoa, ya yule kishingo mwenye shingo tupu. Nikawajua wote kwa majina. Na chini ya uzio wa matete pamechimbwa njia safi, imelainika kwa kupitwa. Nguchiro. Wanaingia baba, mama na watoto, wamepanga mstari kama wanaenda kupokea komunyo.

Sasa nimseme nani kama si Baba Fides. Matofali ya banda tulichoma tangu kiangazi. Yapo nyuma ya nyumba, yameota majani. Kila nikimwambia, baba, banda, ananijibu neno moja.

Kesho.

Mpunga ulivyoanza kuzaa akahamia shambani Namawala kufukuza ndege. Anarudi Jumamosi kapauka, sauti imemkauka kwa kupiga kelele. Nikimwuliza banda, kesho. Nikamwambia, mume wangu, unafukuza ndege wa porini wasile mpunga, na ndege wako wa nyumbani wanaliwa. Akacheka. Alidhani ni utani.

Kuku wakaisha. Hivyo tu. Kabaki tetea mmoja anaatamia kwenye kapu jikoni, na jogoo.

Huyo jogoo ndo roho yangu ilikokuwa imening'inia.

Fides anachumbiwa na Deo, kijana wa Kiberege. Siku walipoleta barua ya posa, baba yake Deo alimwona jogoo akikatiza uwanjani kwa maringo, mwekundu, mkia unamwagika. Mzee akasema mbele ya watu wote, "Mkwe, huyu bwana nitakutana naye tukirudi." Na Baba Fides, mdomo mwepesi siku hiyo, akajibu, "Huyo ni wako. Hatafia mkononi mwa mwingine."

Limeshatoka. Kwetu ukishamwahidi mkwe jogoo mbele za watu, huyo si wako tena, ni mgeni unayemlisha. Huwezi kwenda sokoni ukaleta mwingine. Mzee atajua, na watu watasema. Nawajua watasema nini, maana ingekuwa kwa mwenzangu ningesema mimi.

Wakatuma ujumbe wanakuja Jumapili hii. Basi nikamlinda kama mtoto mwenye surua. Usiku analala jikoni chini ya tenga, anawika alfajiri sikioni mwangu, Baba Fides akiwepo ananung'unika. Mchana namfunga mguu na kamba karibu na ninaposukia mkeka. Bado nguchiro wanakuja ukingoni mwa uzio, wanasimama kwa miguu miwili, wananiangalia. Wananiangalia mimi, mwenye nyumba.

Ndipo nikapata akili. Nikisema akili, basi tu.

Nikawaza, kama mwewe anayeruka angani anaogopa zambarau, nguchiro ni nani. Nikakoroga rangi nzito, nikampaka jogoo kuanzia shingo mpaka mkia. Fides akasema, "Mama, huyo si wa wakwe?" Nikamjibu, rangi iko kwenye manyoya, na manyoya tunatupa, wewe umesoma mpaka sekondari hilo hulioni. 

Na ikafanya kazi. Nguchiro mmoja alikuja, akamwona, akainamisha kichwa upande, akageuka. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Leo basi. Tumetoka misa ya kwanza, Baba Fides kachinja, kanikabidhi, kaenda kubadili shati. Mama Kulwa kaja kunisaidia wali. Nikamlaza jogoo kwenye beseni, nikammwagia maji yanayochemka, nikafunika na gunia ili manyoya yalegee. Hapo unahesabu pumzi mbili tatu unamtoa. Lakini nilikuwa namsimulia Mama Kulwa habari ya yule mama wa kwaya aliyeazima sufuria za jumuiya, sasa anasema zilikuwa zake tangu mwanzo. Ilikuwa imefika patamu.

"Mama Fide," kasema.

"Subiri, nafika mwisho."

"Mwisho umeshafika. Angalia beseni."

Nikafunua gunia. Maji wino mtupu. Nikavuta manyoya, yakatoka vizuri sana, na chini yake jogoo wangu ni bilinganya lenye miguu.

Jamani. Maisha yangu yote natia rangi ukindu. Rangi ile kwenye maji ya baridi inashika juu juu tu. Ukiichemsha ndo inaingia, haitoki mpaka mkeka uchanike. Hilo nalijua kuliko sala ya Malaika wa Bwana. Na nimeketi pale, mimi fundi wa mikeka, nimemchemshia rangi jogoo wa mkwe.

Nikamsugua na limao. Nikamsugua na chumvi. Fides kaja, kaona, kakaa kwenye kinu na kufunika uso na khanga. Nikashika kisu nimchune ngozi, Mama Kulwa akanishika mkono. "Kuku wa mkwe anakwenda na ngozi yake," kasema. "Ukimchuna watasema mmeanza kula nyinyi." Kweli, hata kwao wako hivyo. Tena nilipokata paja, rangi ilikuwa imeshashuka mpaka kwenye nyama.

Na huko nje nasikia hodi.

Nikatia nyanya, nikatia nazi, nikamwomba Mungu. Nazi ilivyokutana na ile rangi, mchuzi ukatoka kama vazi la padri wakati wa Kwaresma. Kitu pekee kilichobaki na rangi aliyokipa Muumba ni firigisi, kwa sababu ilikuwa ndani.

Tukaandaa. Nimesalimia, nimepiga shikamoo kwa mjomba wao mzee, nimekaa mkekani na kuficha vidole chini ya khanga. Baba Fides akafunua bakuli mwenyewe, kwa heshima yote, akasema karibuni. Halafu akaona. Akaniangalia. Sijawahi kuangaliwa vile tangu siku ya ndoa.

 Nikawa nawasikia nzi.

Niseme ukweli, pale sikuwa nafikiria kuku tena. Nilikuwa namfikiria Fides. Watasema binti kalelewa na mama wa namna gani, mama huyu anaweka nini kwenye chakula. Nyumba inaweza ikavunjika kabla haijajengwa, na iwe kwa mdomo wangu.

Mama yake Deo akainama juu ya bakuli, akatazama sana. Akaniuliza taratibu, "Mkwe, huyu alikuwa anamkimbia nani?"

"Nguchiro," nikasema. Sauti ndogo, hata mimi sikuijua.

"Kwetu ni kicheche," akasema. "Mimi niliwapaka bluu."

Baba Deo akamgeukia mkewe. "Ndo maana wale wa Krismasi?"

"Wewe kula."

Hapo kicheko kikaanza kwa mjomba, akashika tumbo, kikazunguka mkeka mzima. Baba Deo akachukua firigisi yake, akasema aliahidiwa jogoo mwekundu lakini anaona tumemvalisha kabisa sare ya harusi. Wakala. Wakala kila kitu, wakafuta bakuli. Kila aliyecheka ulimi zambarau. Mungu awalinde matumbo yao, na barabara ya Kiberege ilivyo na mashimo.

Ningefurahi, na nilifurahi. Lakini Mama Deo alipokwenda chooni alipita nyuma ya nyumba. Karudi, kakaa, kamwuliza Baba Fides kwa adabu kabisa, "Mkwe, yale matofali ni ya nini?"

"Ya banda la kuku."

"Kuku wepi?"

Baba Fides akakuna shingo.  Yule mama akasema yeye atatuletea mbegu, tetea na jogoo, kama inavyotakiwa kati ya wakwe. Ila analeta kwa wenye banda, nguchiro wa Kibaoni halei yeye.

Basi wamekwenda. Ya Fides na Deo yameisha vizuri, wanarudi baada ya mavuno kupanga siku. Mama Kulwa kabeba mkungu wa ndizi niliompa kwenda kwake. Kabla hajavuka uzio akaniuliza yule mama wa kwaya aliishia wapi. Kumbe alikuwa anasikiliza.

Na mimi bado nina hasira. Matetea wangu wameliwa, nimelia, nimesema, nimenuna, Baba Fides hakusikia. Mkwe kauliza kwa sauti ya kubembeleza, kasikia.

Maana ninavyoandika hapa, Baba Fides yuko nyuma ya nyumba na shati lake la misa, tope mpaka magotini, anabeba matofali. Nasikia anavyoyapanga, gu, gu. Nguchiro mmoja kasimama kwenye migomba kwa miguu miwili, anamtazama yeye sasa, si mimi. Jikoni tetea wangu wa mwisho anajigeuza juu ya mayai.

Nilimwonea huruma, ndo udhaifu wangu. Nikamwita, baba, giza linaingia, acha upumzike, utaendelea kesho.

Akasimama na tofali mkononi. "Hapana," kasema. "Kesho ndo iliyokula kuku."