Mizizi Niliyoifunika kwa Udongo

Dada yangu Mghoi,

Nimeshindwa kukuombea. Kila nikipiga magoti maneno yananikwama, basi leo nimeona heri nikuandikie.

Unaikumbuka ile mikaratusi yangu ya mpakani. Kila msimu mahindi yako ya tuta la chini yalikuwa manjano, nawe ukaniambia kwa upole, "Mama Saru, miti yako inakula kwangu." Nikacheka. Nikakuambia mti hauna miguu ya kuvuka mpaka. Halafu Alhamisi ile, kwenye maombi ya akina mama, nikasimama mbele ya wote nikamwomba Mungu akuondolee roho ya kulaumu. Wewe mwenyewe ukaitikia Amina.

Siku ya kuchimba kaburi lako niliwapelekea vijana chai. Walichimba pale pale tuta la chini, kwa kuwa ndipo penye nafasi. Jembe likagoma. Ile samadi uliyokuwa ukibeba kichwani kutoka boma la ng'ombe ilikuwa imejaa vizizi vyembamba kama nywele, vimesukana kama mkeka. Kijana mmoja akafuata mzizi mkubwa kwa panga mpaka kwangu. Upande wangu, kwenye udongo mwekundu usio na kitu, mzizi ulikuwa mtupu kama kamba. Ulipita tu. Ulipofika kwako, penye chakula, ndipo ukatawanyika.

"Mama, miti yako imefika matangani kabla yetu!" akasema, wenzake wakacheka.

Mimi nilipomwona mume wako, Baba Wakesho, anakuja, nikasukuma udongo kwa mguu, nikaifunika ile mizizi. Kesho yake nikasimama mbele ya jeneza lako nikakusifu. Mungu anisamehe.

Sasa ni msimu wa pili tangu uende. Baba Wakesho amepanda tena kando yako, na mahindi yamegeuka manjano vile vile. Juzi nilimkuta ameng'oa shina moja. Mizizi yake ilikuwa mifupi, imejikunja juu juu, kama mtoto aliyenyang'anywa sahani. Akaniambia, "Labda mimi sijui kulima kama yeye. Hili tuta nitaliacha." Anajilaumu, Mghoi! Na mimi nikamwambia pole. Pole tu, nikaenda zangu.

Ile miti nilikuwa nimeiweka ikomae, iwe mbao za paa la nyumba ya Saru, binti yangu. Saru atavumilia, itakatwa sasa, vile ilivyo. Kesho baada ya ibada nitamwomba Baba Wakesho tuende mpakani. Nitachimba mbele yake aione mizizi kwa macho yake, na nitamwambia nilikuwa naijua, nikaificha. Alhamisi nitawaambia na akina mama, bila kuzungusha maneno.

Na kwa kuwa visiki huchipua tena, mtaro wa kukata mizizi nitauchimba mwenyewe, mpaka unifike kiunoni. Akinifukuza shambani kwake ni haki yake. Nitauchimba nikiwa upande wangu.

Pumzika kwa Bwana, dada yangu.

Mama Saru